Mama wa Teodriki

Barua pepe ya yule daktari wa meno ilikuwa na aya nne, na tatu za mwanzo zilikuwa shukrani tupu. Alisifu karatasi, akasifu mwandiko, akasifu hata rangi ya wino. Aya ya nne ilikuwa swali moja: mbona simuoni Ermena?

Vasanti aliisoma kwa sauti, miwani kwenye ncha ya pua, ofisini kwake juu ya duka la sari, Tooting, London. Kisha akaigeuza kompyuta ili Talib Khelef ajionee mwenyewe.

"Ermena ni nani, Bwana Talib?"

"Ni mwanamke," alisema Talib.

"Kwamba ni mwanamke nimeona. Nauliza ni nani."

Talib aliitazama ile aya ya nne. Alikuwa na miaka sabini, na kwa miaka thelathini na mmoja ya hiyo alifanya kazi ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo kikuu kimoja, akitoa vitabu na kuvirudisha mahali pake. Huko ndiko alikojifunza Kilatini, kwanza kwa kozi za jioni, baadaye peke yake, kwa sababu vitabu vilikuwepo na wasomaji walikuwa wachache. Alipostaafu, Vasanti, Mgujarati mzaliwa wa Mombasa, alimpa kazi ya siku mbili kwa wiki. Ofisi yake huchora nasaba za watu. Nusu ya wateja ni Wagujarati wa Kisumu, Nairobi na Kampala wanaotafuta kijiji alikotoka babu. Nusu nyingine ni Waingereza wa makamo wanaotumai kwamba wakichimba vya kutosha watakuta mfalme.

Daktari wa meno, naye ameshastaafu, alikuwa wa kundi la pili. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya watu arobaini wanaojihesabu kuwa kizazi cha Ragenari, mtawala wa jimbo moja la Wafaranka, huko Ulaya, katika karne ya tisa, zama za wajukuu wa Karolo Mkuu. Kila mwaka hukutana katika hoteli moja ya Surrey, wakala chakula cha mchana na kubishana nani ametoka kwa nani. Safari hii walitaka chati moja kubwa ya kutundika ukutani, vizazi vinne vya mwanzo, kama vilivyo katika kitabu cha kumbukumbu cha watawa waliokuwa majirani wa Ragenari. Nakala ya kitabu walimletea Talib. Alikisoma kwa wiki tatu, akachora kwa wiki mbili.

"Kitabuni imeandikwaje?" aliuliza Vasanti.

Talib hakuhitaji kukifungua. "Imeandikwa kwamba Ragenari alimuoa Rotlinda, wakazaa mabinti watatu. Na kwamba alimzaa Teodriki kwa Ermena binti Auda, kijakazi wa nyumbani kwake."

"Na wewe umemchora wapi huyo Teodriki?"

"Chini ya Rotlinda."

"Kwa nini?"

"Rotlinda ndiye mkewe."

"Mimi sikuulizi ndoa, nakuuliza nani alizaa!" Vasanti alivua miwani akacheka, kicheko cha mtu asiyeamini. "Mwanamke wa watu kabeba mimba miezi tisa, wewe umekuja na kalamu yako umempa mwenzake mtoto. Hukusoma vizuri?"

"Nilisoma."

"Basi ulichoka."

Huo ulikuwa mlango, na Talib angeweza kupita. Lakini alikuwa mtu wa vitabu, na uongo mdogo juu ya kitabu ulimshinda. "Sikuchoka. Nilitaka kuwasitiri."

"Kuwasitiri kina nani? Hao waliokufa wamekuwa udongo. Na hawa wazima ndio wanamtaka!" Aliirudia kompyuta akasoma mstari wa mwisho, polepole, ili kila neno lifike. "Binti yetu mkubwa tulimwita Ermena kwa ajili yake. Sisi sote arobaini tunatokana na mwanamke huyu, na si na Rotlinda."

Talib aliona aibu. Alijua vilevile kwamba aibu ile haikuwa ya kazi. Mtu akikosea kazi hukasirika, hutafuta sababu, huahidi kurekebisha. Yeye alikaa tu, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nenda nyumbani," alisema Vasanti, sauti imepungua. "Rekebisha wiki ijayo. Chati ni karatasi tu, Bwana Talib."

Hakujua kwamba nyumbani kwa Talib, Colliers Wood, juu ya kabati la nguo, palikuwa na chati nyingine iliyokwisha, imeviringishwa na kufungwa utepe wa kijani. Ilikuwa shajara, yaani mti wa nasaba, ya ukoo wake mwenyewe. Jumamosi binti yake, Afra, alikuwa anaolewa. Baba wa bwana harusi, Mzee Haroub, mtu wa Wete anayependa mambo ya asili, alikuwa ameomba kila upande ulete shajara yake zitundikwe ukumbini, naye azisome mbele ya watu kabla ya chakula, vijana wajue wametoka wapi. Na katika shajara ile Talib alikuwa amefanya jambo lilelile alilolifanya kwa Ragenari. Tofauti ni kwamba kwa Ragenari mkono ulikwenda wenyewe. Mkono ulikuwa umefundishwa.

Aliyeufundisha ni baba yake, Khelef bin Mbarouk. Unguja alikuwa karani wa mahakama. Mwaka 1964 walitoka, wakakaa Dubai miaka minne, wakaishia Hayes, ambako alipata kazi ya kupanga trei za chakula cha ndegeni, koti jeupe na kofia ya wavu. Jioni alivua koti lile akawa karani tena. Familia nyingi zilikuwa zimetoka mikono mitupu, hazina hati wala karatasi, na posa zilikuwa zinaanza kupelekwa baina ya watu ambao kule nyumbani wangejuana bila kuulizana. Wakamjia Khelef awaandikie nasaba zao upya, kwa kumbukumbu. Talib, mwenye mwandiko mzuri, alimsaidia mezani.

Kanuni ya baba yake ilikuwa nyepesi. Mtoto ni wa baba. Mama akiwa binti wa watu, anaandikwa. Akiwa suria au mzalia, yaani mtoto wa watumwa aliyezaliwa ndani ya nyumba, mtoto wake anapandishwa kwa mke mkubwa, na mstari unaendelea. Khelef hakuita huo uongo. Aliuita sitara. "Hatumdhulumu mtu," alikuwa akisema, huku akipuliza wino. "Tunafunika tu."

Na aliyefunikwa kwa ustadi kupita wote alikuwa jikoni, nyumba hiyohiyo, akikuna nazi. Bi Zafarani alikuwa mama yake Khelef, bibi yake Talib. Alikuwa mzalia wa nyumba ya Mbarouk bin Salum, na Mbarouk alimuoa kwa mashahidi wawili, bila ngoma wala wageni, kwa kuwa mkewe, Bi Shadya binti Sheikh Humud, hakujaaliwa mtoto. Katika shajara Khelef alijiandika mtoto wa Bi Shadya. Zafarani hakuwemo kabisa. Alikuwepo Hayes tu, na kanga yake na soksi za sufi, mpaka alipofariki mwaka 1984.

Kulikuwa na siku moja ambayo Talib hakuipenda kuikumbuka. Mwaka 1976 walikuja watu kumposa dada yake, Mardhiya. Wazee watano, majoho na makoti ya baridi, wamejazana chumba cha mbele. Shajara imefunguliwa mezani. Bi Zafarani akaingia na sinia la kahawa na halua. Mzee mmoja akauliza, kwa adabu tu, na huyu bibi ni nani kwenu? Talib alivyoikumbuka, baba yake alijibu: "Huyu ni mtumishi wetu wa zamani, tumetoka naye nyumbani." Bi Zafarani akaweka vikombe, kimoja kimoja, akatoka kinyumenyume kama anavyotoka mtumishi. Posa ikakubaliwa.

Kwa miaka karibu hamsini Talib alikuwa amemlaumu baba yake kwa maneno yale, kimyakimya, na kumsamehe, na kumlaumu tena. Hata hivyo alipokaa kuandika shajara ya Afra aliifuata ya baba mstari kwa mstari. Binti Sheikh Humud akaingia kwa mwandiko mzuri wa kupendeza.

Jioni ile, baada ya barua ya daktari wa meno, aliishusha chati kabatini akaifungua kitandani. Aliitazama mpaka akashindwa. Kisha akampigia Afra.

Afra alikuwa na miaka thelathini na mmoja, muuguzi, na Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, isipokuwa salamu. Talib alimweleza kwa kuzungukazunguka. Kulikuwa na bibi mzaa babu, si yule aliyeandikwa. Alikuwa, vipi niseme, alizaliwa katika hali ya utumwa. 

"Una maana babu yangu alimficha mama yake?" Afra aliuliza.

"Zamani mambo yalikuwa mengine, mama."

"Na wewe je? Ulichora lini hii chati, Dadi?"

"Mwezi uliopita."

Hakucheka wala hakumkemea. Alisema tu amwandike, ni ajabu kwamba anaombwa ruhusa. Kisha, kabla ya kukata simu, akauliza jambo la maana zaidi: "Shangazi anajua?"

Shangazi, ndiye Mardhiya, alijua. Tatizo lilikuwa hilo. Aliolewa kwa shajara ile. Mumewe, Asad, alifariki miaka sita nyuma akiamini kwamba mkewe ni mjukuu wa Sheikh Humud, na ndugu zake Asad, watu wanaohesabu koo kama wengine wanavyohesabu pesa, wangejaza meza tatu ukumbini Jumamosi. Kumwandika Zafarani kulikuwa kumvua dada yake nguo mbele ya wakwe. Kutomwandika, Talib sasa alijua kulikuwa nini.

Alhamisi alipanda treni kwenda Hayes. Mardhiya alimfungulia mlango akiwa na upawa mkononi.

"Wewe! Hujapiga simu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada."

"Basi kaa ule. Umekonda kama mshumaa, na harusi ni keshokutwa, watu watasema binti amekumaliza."

Alimpakulia wali na mchuzi wa pweza bila kumuuliza kama ana njaa. Talib alikula nusu, akaweka kijiko, akasema. Alimweleza habari ya Ragenari na Rotlinda na Ermena, kwa sababu ilikuwa rahisi kuanzia kwa Wafaranka, kisha akafika kwa Bi Zafarani na shajara ya Jumamosi. Mardhiya alisikiliza huku akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wazungu hao wanajivunia kijakazi," alisema. "Maana hakuna wa kuwatukana. Imepita miaka elfu na zaidi. Mimi ningali hai, Talib. Wifi zangu wako hai."

"Najua."

"Wajukuu zangu watasikia ukumbini, kwenye spika, mbele ya biriani! Hutaki tuyaseme faragha, mimi na wewe, tukayazika?"

"Yamezikwa tangu tulipokuwa watoto. Ndiyo aibu yenyewe. Baba alimwita bibi yetu mtumishi mbele ya wageni, akiwa amesimama pale na sinia, na sisi tukanyamaza."

Mardhiya aliacha kupangusa. Alimtazama kaka yake, na uso wake ukabadilika. Hasira ikatoka, kikaingia kitu ambacho kwa Talib kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Baba?" alisema.

"Si ndiye aliyesema?"

"Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nyuma ya mlango, nimevaa nguo za kupendeza na moyo unanidunda. Nilisikia yote. Mzee aliuliza. Baba akafungua kinywa, sauti ikakataa. Akakohoa. Akakohoa tena. Aliyesema ni wewe, Talib."

"Mimi?"

"Wewe. 'Huyu ni mtumishi wetu wa zamani, tumetoka naye nyumbani.' Ulisema vizuri, mbio, kama mtu anayesoma redioni. Ulikuwa na miaka ishirini na moja."

Talib alitaka kubisha. Maneno yalikuwa tayari. Lakini alipoitafuta sauti ya baba yake ikiyasema, hakuipata. Alipata kikohozi. Alikisikia kikavu, mara mbili, baba ameegemeza kiganja mezani juu ya shajara, na baada ya kikohozi akasikia sauti changa, yenye hamu ya kusaidia, na aliijua.

Aliinamisha kichwa. Wali ulikuwa umepoa na mafuta yameanza kuganda pembeni ya sahani.

"Yeye alisemaje?" aliuliza baadaye. "Bibi."

"Alinikuta nalia jikoni. Akaniambia nyamaza, wanja utachuruzika. Nikamwambia nitakwenda kumsema Talib mbele ya wote. Akasema, mwache, alikuwa anakutafutia mume." Mardhiya alivuta pumzi. "Halafu akaniuliza kama sukari kwenye halua imezidi."

Nje basi lilisimama kituoni, likashusha watu, likaondoka.

"Mimi nilijua na nikaolewa," alisema Mardhiya. "Miaka arobaini na tatu nimekaa na mtu mwema nikimwacha aamini kwamba mimi ni mjukuu wa Sheikh Humud. Usidhani unabeba peke yako. Lakini ukimwandika, mimi sitakushukuru. Usitegemee nije nikukumbatie mbele ya watu."

"Sitegemei."

"Ungengoja nife, basi."

"Nami nina miaka sabini, dada. Nani atangoja nani?"

Mardhiya aliinuka. Alimfungia mchuzi uliobaki kwenye kopo la plastiki, akamsukumia mkononi, akafunga mlango kabla hajamaliza kuaga.

Hakungoja usiku, kama mtu anayejificha. Talib alichora Ijumaa baada ya sala, mwanga ukiwa mzuri, karatasi mpya, mezani kwake karibu na dirisha. Kuanzia juu hapakuwa na taabu. Salum, Mbarouk. Kwa Mbarouk alitoa mistari miwili: mmoja kwa Bi Shadya binti Sheikh Humud, ukaishia hapo, mwingine upande wa pili. Akaandika Zafarani. Akaandika binti. Kalamu ikasimama.

Alijua ndugu wote wa Sheikh Humud mpaka kizazi cha saba. Alijua kwamba Ermena, kijakazi wa Wafaranka, ni binti Auda, kwa sababu mtawa mmoja asiyemhusu ndewe wala sikio alijisumbua kuuliza na kuandika. Jina la baba yake Bi Zafarani hakulijua. Wala la mama yake. Alimpigia Mardhiya, na kwa mshangao wake alipokea. Alimuuliza. Mardhiya naye hakulijua. "Kulikuwa na wimbo alikuwa akiimba akipepeta mchele," alisema mwishowe, "si wa Kiswahili. Nilimwambia aache, wenzangu wa shule wako sebuleni." Akakata simu.

Talib aliacha nafasi baada ya neno binti, upana wa vidole viwili, akaendelea kushuka: Khelef, Mardhiya na Talib, Afra.

Ukumbi ulikuwa Hayes, juu ya ghala la mazulia, watu mia mbili na themanini. Mardhiya alikuja. Alivaa buibui jipya lenye nakshi ya fedha, akakaa meza ya mbele kama inavyompasa shangazi wa bibi harusi, ila kiti chake alikuwa amekigeuza, mgongo kwa ukuta zilipotundikwa shajara. Vasanti alikuwepo pia, sari ya zambarau, ameshika simu tayari kupiga picha.

Mzee Haroub alisoma ya kwao kwanza, akashangiliwa. Kisha akashika kipaza sauti, akasogea kwenye ya Talib, miwani juu ya paji la uso, kidole kikifuata mistari. Alisoma Salum. Alisoma Mbarouk. Alisoma Bi Shadya binti Sheikh Humud, na kwenye meza tatu za ndugu zake Asad vichwa vikatikisika kwa kuridhika. Kidole kikahamia upande wa pili. Mzee akasogeza uso karibu na karatasi.

"Na mke wa pili, mama yake Khelef," alisoma, "Zafarani binti..." Akangoja. Akageuka. Hakuwa na ubaya wowote. Alidhani wino umefifia. "Binti nani, Bwana Talib? Macho yangu hayaoni."

Meza tatu ziliacha kutikisa vichwa. Mwanamke mmoja akamgeukia Mardhiya. Mardhiya alikuwa anatazama leso yake.

Talib alisimama. Alikuwa ameandaa maneno ya kueleza utumwa, zama, sitara, hata Wafaranka. Alipofungua kinywa aliona kwamba yote yale yangekuwa tena njia ya kufunika, akayaacha.

"Macho yako hayana kosa, mzee," alisema. "Hapakuandikwa. Alikuwa mzalia wa nyumba yetu, na ndiye bibi yetu, mimi na dada yangu. Jina la baba yake silijui."

"Hakukwambieni?"

"Nilikaa naye nyumba moja miaka ishirini na tisa," alisema Talib. "Sikumuuliza."

Mzee Haroub alisubiri kidogo, kana kwamba kulikuwa na sentensi nyingine njiani. Haikuja. Akasafisha koo, akasogeza kidole chini, akasoma jina lililofuata.